Niliifundisha Mashine Isimbishie Mzee

Nimekosa, jamani. Nalisema hilo kabla hamjaniuliza. Kosa ni langu, si la mashine, si la dawa, wala si la mchawi yeyote kama wanavyosema kule kijijini.

Mhariri, nakuomba jina langu usiliandike. Kijiji nacho usikitaje, sema tu ni huko nyuma ya Kisesa. Mpaka leo nikisikia filimbi barabarani, hata kama ni ya trafiki, natafuta pa kujificha.

Mimi nililelewa na mjomba. Mama alifariki nikiwa mdogo, kaka yake akanichukua, akanikuza pamoja na wanawe bila kunibagua. Nilipomaliza sekondari aliuza fahali wake ili nikajifunze kompyuta mjini Mwanza. Wenzake walimcheka. Fahali mzima, anakwenda kumfundisha mtoto wa dada kubonyezabonyeza! Yeye akawajibu, "Mtaona."

Wameona. Ole wangu, wameona!

Baada ya masomo nilipata kazi Igoma, kwenye duka la pembejeo. Siku hizi za ruksa, za biashara huria, mambo yamebadilika, mnajua wenyewe. Zamani dawa ya kuogeshea ng'ombe ililetwa na serikali, na bwana josho wa serikali ndiye aliyeipima. Sasa bwana josho kapunguzwa kazini, josho, lile birika la kuogeshea, wameachiwa wanakijiji, na dawa ni ya kununua dukani. Mwezi huu inakuja ya kopo jekundu, mwezi ujao ya kopo la kijani, na kila moja ina kipimo chake.

Tajiri wangu nitamwita Mzee Bundala. Alikuwa mtunza stoo wa ushirika miaka mingi, mtu wa suruali ya pasi na kalamu mfukoni. Shirika moja la umma lilipouzwa, yeye akanunua kompyuta yao iliyotumika. Akaiweka juu ya meza, akaifunika kitambaa cha kudarizi, na wateja wakawa wanaichungulia kama bibi harusi.

"Binti," akaniambia, "mashine hii itupimie dawa. Mtu akija na josho lake, tunabonyeza, anaambiwa lita zake. Nani mwingine Igoma nzima ana kitu hicho?"

Nikamwandikia programu. Nikaiita JOSHO. Haikuwa na picha wala rangi, ilikuwa skrini nyeusi na maandishi meupe. Unaandika neno JOSHO, kisha kwenye mstari huohuo unaweka herufi M na lita za maji yaliyomo, halafu herufi D na lita za dawa zinazotakiwa kwa kila lita elfu za maji. Herufi ndizo zinazoiambia mashine namba ipi ni ya nini. Ukimaliza unabonyeza, inakujibu: weka lita kadhaa. Basi.

Na ilikuwa nzuri, jamani! Ilikuwa nzuri kabla sijaiharibu. Ilijua tarakimu, ilijua nukta. Ukiiandikia kitu kingine chochote kwenye namba ilikataa, ikaandika KOSA kwa herufi kubwa, ikasubiri uandike upya.

Taabu ilikuwa Mzee Bundala. Yeye namba yoyote ikifika elfu lazima aitie mkato, maana ndivyo alivyoandika stoo maisha yake yote. Na akishatia mkato, mkono unajiendea wenyewe, anamalizia na alama ya shilingi. Lita za maji anaandika 5,000/= kana kwamba josho lina bei! Mashine inamjibu KOSA. Anaandika tena vilevile. KOSA. Wateja wanaangaliana, mmoja anakohoa ili asicheke.

Siku moja aligeuka, uso umemvimba. "Hii mashine inaniambia mimi nimekosea?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini nyie wa kwetu mnanielewa. Nimwambieje mzee mwenye mvi, mbele ya watu, kwamba amekosea? Kwetu mtoto hamwambii mkubwa neno hilo. Unainama, unasema labda, unasema samahani, unatafuta njia ya pembeni.

Nikasema, "Hapana mzee. Mashine ndiyo mbaya. Nitaitengeneza."

Jioni ile ile nikaitengeneza. Nilifungua programu nikaondoa ile sehemu ya KOSA. Mahali pake nikaweka maelekezo mapya: soma namba herufi moja moja, kila kisicho tarakimu kiruke, zinazobaki ziunganishe. Mkato utarukwa, alama ya shilingi itarukwa, na mzee hataambiwa tena neno. Nikaijaribu kwa 5,000/= ikasoma elfu tano safi kabisa. Mzee akajaribu mwenyewe, akacheka, akanipa soda.

Nukta sikuikumbuka. Nawaapia sikuikumbuka! Dawa zote tulizokuwa nazo dukani wakati ule zilikuwa za lita moja, mbili au tatu kwa kila elfu. Haikunijia kwamba nukta nayo si tarakimu, kwamba nayo itarukwa kama mkato.

Ikaja dawa mpya ya kupe, kali, ya kopo la kijani. Kipimo chake kilikuwa sifuri nukta sita kwa kila lita elfu. Na mtu wa kwanza kuinunua alikuwa mjomba wangu.

Alikuja Ijumaa asubuhi na baiskeli yake, ameweka nyuma madumu mawili ya lita ishirini kila moja. Kijiji kilikuwa kimemchagua kusimamia josho baada ya bwana josho kuondoka. Josho lenyewe ni dogo, walilijenga wananchi kwa mikono yao. Alikuwa amebeba mchango wa wenye ng'ombe wote.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye yule fahali wangu?" Akaigusa kompyuta kwa kidole kimoja, akawageukia wateja. "Huyu ni mpwa wangu. Yeye ndiye anayeijua hii."

Loo! Nilivimba kichwa. Nikaandika JOSHO, nikaweka M na elfu tano, nikaweka D na sifuri nukta sita, nikabonyeza huku nikimwangalia yeye wala si skrini. Mashine haikulalamika. Niliifundisha mimi isilalamike. Ikaandika lita thelathini.

"Thelathini, Mjomba," nikasema.

Ilikuwa iwe tatu. Mtoto wa shule ya msingi angekaa chini na kijiti akapata tatu. Lakini nani ahesabu kwa kijiti wakati kompyuta imesema? Mjomba hakushangaa, maana zamani serikali ilikuwa ikileta mapipa mazima. Mzee Bundala naye hakushangaa, alikuwa anafurahi biashara. Tukamjazia dumu moja hadi juu na la pili nusu, akaondoka anapiga mluzi.

Kabla ya saa sita mchana akaja mteja mwingine, mfugaji wa upande wa Magu, mtu wa maneno mengi. Dawa yake ilikuwa ya aina nyingine, moja nukta mbili tano kwa kila elfu. Josho lao lilikuwa la lita elfu kumi. Nikaandika, nikabonyeza, nikamsomea kwa sauti: weka lita elfu moja mia mbili hamsini.

Akanitazama. "Binti, hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kuogelea?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nikasema mashine imepata joto, aende kwanza akanywe chai. Akaenda. Nikachukua kalamu, nikahesabu mwenyewe. Kumi na mbili na nusu. Nikaiangalia ile nukta niliyoiandika. Ilikuwepo kwenye skrini, mbele ya macho yangu, na mashine ilikuwa imeiruka kama nilivyoiamuru.

Hapo nikaikumbuka thelathini ya Mjomba.

Mungu wangu! Sijui niwaelezeje. Masikio yaliziba, nikawa nawaona watu wanafungua midomo tu. Dawa ile ya kopo la kijani ilikuwa na picha ya fuvu juu yake. Kipimo kikizidi kidogo ng'ombe anaumwa. Hiki kilikuwa kimezidi mara kumi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo. Lile la nukta lilikuwa ujinga. Hili lilikuwa uoga.

Kuogesha kulikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa na mchana mzima. Barabara ya Musoma inapita mlangoni mwa duka, magari ya Kisesa yanaita abiria hapo hapo. Nilitakiwa kuvuka barabara tu! Nikainuka, nikafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mzee Bundala akauliza bila kuinua kichwa.

Ningesema, "Mzee, nimekosea, nimempa Mjomba sumu." Maneno hayo yalikuwepo kwenye ulimi. Lakini nikaona sura yake, nikaona kazi inaondoka, nikaona wateja wananicheka, na fahali wa Mjomba ameuzwa bure. Nikasema, "Siendi mahali, mzee. Naangalia hewa." Nikarudi kukaa.

Nikajidanganya. Nikasema Mjomba mwenyewe ataona dawa ni nyingi. Nikasema labda mvua itanyesha wasiogeshe. Nikasema nitakwenda jioni, na jioni ilipofika nikasema magari yamekwisha, na hata sikwenda stendi kuangalia. Usiku ule sikulala, nilikaa kitandani nimekumbatia magoti.

Alfajiri nikapanda gari la kwanza. Kutoka barabarani kwenda josho ni mwendo wa miguu, nami niliukimbia. Kwa mbali nilisikia ng'ombe wanalia na watu wanapiga miluzi ya kuwaswaga.

Kijijini kwetu kuna desturi iliyoanza tangu bwana josho wa serikali aondoke. Kwa kuwa dawa za madukani nyingine ni feki, aliyepima dawa lazima atangulize ng'ombe wake mwenyewe, wenzake waone. Ni kama mpishi kuonja chakula mbele ya wageni. Kwa hiyo nilipofika, ng'ombe wa Mjomba walikuwa wamekwisha kupita wote, wamesimama upande wa pili wanachuruzika maji. Hawakuwa na neno. Kwa kuwa walionekana wazima, jirani naye alikuwa amewaingiza wake, na nyuma yake maksai wawili wa Mama Kabula, mjane ambaye maksai hao ndio jembe lake na ndio chakula cha wanawe.

Mjomba alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake. Aliponiona alitabasamu. "Umekuja kuona kazi yako?"

Nikamsogelea. Nikamnong'oneza sikioni, "Mjomba, ni lita tatu. Si thelathini. Ni tatu."

Aliniangalia. Mpaka leo naiona ile namna alivyoniangalia. Hakuwa na hasira, nawaambia, ingekuwa hasira ningeivumilia. Alikuwa kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuubeba.

Kisha akageuka, akainua fimbo, akapaza sauti. "Simamisheni! Simamisheni ng'ombe! Mimi nimekosea kupima dawa!"

Mimi. Alisema mimi! Hakunitaja hata kidogo.

Na mimi niliyesimama pembeni yake, nimefika kwa ajili ya kusema, nilinyamaza.

Ng'ombe hawakuchelewa kuanza kuumwa. Wa kwanza alikuwa ng'ombe wa maziwa wa Mjomba, yule mwekundu. Alianza kudondosha mate, mate marefu mpaka chini, kisha misuli ya mapaja ikawa inacheza yenyewe chini ya ngozi. Akajaribu kutembea, miguu ikapishana, akaanguka ubavu. Wakafuata wengine. Watu walikimbia na ndoo kati ya josho na lambo, lile bwawa la kunyweshea, wakiwamwagia maji kuwaosha. Wanawake walikuwa wanapiga yowe. Mama Kabula alikuwa amekaa chini ameshika kichwa cha maksai wake mmoja mapajani, anakifuta mate kwa khanga yake, anamwita kwa jina.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Akauliza kipimo, na Mjomba akamwambia ukweli wote, kwamba palitakiwa tatu na pameingia thelathini. Bwana mifugo alishika kiuno. Alikuwa na sindano, lakini hazikutosha. Alichoma alipoweza.

Ng'ombe wengi walipona. Wa Mjomba, waliotangulia, walikufa karibu wote. Maksai wa Mama Kabula walikufa wote wawili, na mvua za kulimia zilikuwa zinakaribia.

Jumapili ikapigwa filimbi ya baraza. Asiyeijua sungusungu, lile jeshi la jadi la ulinzi wa kijiji, asiniulize. Wanaume wamekaa duara na pinde zao na marungu, wamejifunga vitambaa vichwani, na mkubwa wao, tunamwita ntemi, amekaa katikati juu ya kiti cha miguu mitatu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma. Mjomba alisimamishwa peke yake katikati, kofia mkononi.

"Nani alikupa kipimo cha thelathini?" ntemi akauliza.

"Dukani waliniambia sawasawa. Mkono wangu ndio uliokosea."

"Mbona ulinunua dumu moja na nusu, wakati tatu zinatosha?"

Mjomba aliizungusha kofia mkononi. Najua alikuwa anatafuta uongo, na si mtu aliyeuzoea. "Nilitaka ibaki akiba ya mwaka mzima."

Mzee mmoja akaruka juu. "Kwa mchango wetu? Nani alikuruhusu? Mnaona! Huyu hakukosea mkono. Huyu amewatoa ng'ombe kafara! Ametanguliza wake ili apate utajiri!"

Watu wakanguruma. Mwingine akadakia kwamba ndiyo, na hata fahali aliyeuzwa mwaka ule hakuuzwa, alipelekwa kwa mganga. Fahali wangu mimi, jamani! Wa kozi yangu!

Ntemi akainua mkono, kukawa kimya. Akatuangalia na sisi wanawake kule nyuma. "Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nalo. Mungu anajua nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo. Nikaona pinde, nikaona marungu, nikamwona Mama Kabula macho mekundu. Na Mjomba akageuza kichwa kidogo tu upande wangu, akakitikisa. Huwa najiambia nilinyamaza kwa sababu yeye alitikisa kichwa. Ni uongo. Nilikuwa nimekwisha kunyamaza kabla hajatikisa.

Wakamtenga. Huku kwetu kutengwa ni kifo kinachotembea. Hupewi moto, hupewi chumvi, hupewi salamu. Ukifika kisimani watu wanaondoka. Ukifiwa, unazika mwenyewe. Atakayekusemesha anatozwa faini naye. Wiki haikuisha Mjomba alimwacha mkewe na wanawe kwa wakwe zake, ili wao wasitengwe, akaja mjini na kibegi.

Jumatatu, siku ya pili baada ya baraza, nilimweleza Mzee Bundala kila kitu. Nililia mbele yake. Alifunga mlango wa duka kwanza.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna, mzee."

"Basi usimwambie mtu. Ukisema, duka limekufa, na wewe huna kazi, na mimi nitavunjiwa mlango na wale watu wa pinde. Mjomba wako mwenyewe kashasema kosa ni lake. Wewe mtoto ni nani umbishie mkubwa?"

Mnaona? Heshima ileile. Kwa heshima niliiharibu mashine, na kwa heshima nikafungwa mdomo. Nami nilishukuru kimoyomoyo kupata kisingizio.

Programu niliirekebisha. Nukta ikarudi mahali pake. Kitu kingine chochote kikiingia kwenye namba, mashine haikisii, hairuki, inasema KOSA, ANDIKA UPYA. Nikaiongezea na jambo jingine: dawa ikizidi kiwango cha kawaida, ikatae kabisa hata kama namba zinasomeka. Haikuchukua muda mrefu, Mzee Bundala akaja na 8,000/= yake. KOSA.

Akanigeukia. "Inasema nini?"

Nikasoma skrini. "Inasema umekosea, mzee. Futa mkato na hiyo alama ya shilingi."

Nilingoja dunia ipasuke. Akanitazama, akavaa miwani vizuri, akafuta, akaandika upya. Basi! Hakunifukuza. Hakunitukana. Mteja aliyekuwepo hata hakutazama. Nilikwenda nyuma ya duka kwenye magunia ya mbegu nikalia mpaka nikakosa pumzi. Kumbe lilikuwa neno dogo kiasi hicho.

Mjomba sasa anakaa Igogo, karibu na ziwa, chumba cha pili kutoka changu. Mtu aliyekuwa na zizi, leo anaanika mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Anayapanga juu ya mawe asubuhi, anayageuza mchana, anafukuza kunguru. Mikono yake inanuka samaki, na yeye samaki hata hampendi. Hajawahi kunilaumu. Kila jioni ananiuliza kama nimekula.

Juzi kaka yake mkubwa alifariki kule kijijini. Mjomba alivaa koti lake, akapanda gari kwenda kuzika. Walimsimamisha njiapanda, pale unapoiacha barabara ya Musoma. Vijana wa sungusungu, wengine aliwalea yeye mwenyewe kama wanawe. Wakamwambia, bila hata kumwamkia, kwamba asivuke. Alisimama pale barabarani mpaka vilio viliponyamaza, akajua wameshazika. Kisha akarudi Igogo, akavua koti, akaenda kugeuza mapanki.

Nilimpelekea chai. Hakuniangalia. Akauliza, "Ile mashine yako, siku hizi ikipewa namba isiyoeleweka inafanyaje?"

"Inakataa, Mjomba."

"Hata akiandika tajiri?"

"Hata yeye. Inamwambia amekosea."

"Ee," akasema. "Ni vizuri." Akaendelea kugeuza.

Sidhani hata alikuwa na maana ya kunichoma. Lakini chai ilinimwagikia mkononi na sikusikia moto wake.

Ndiyo maana naandika. Nyie vijana mnaojifunza kompyuta siku hizi, mnaoziandikia programu za maduka na hospitali na viwanda, nawasihi kwa machozi. Mashine ikikataa namba, usione aibu, ishukuru. Usiifundishe kukisia alichotaka mtu. Usiifundishe kuruka isichokijua. Nukta moja ina uzito wa zizi zima! Na ukiijaribu, usiijaribu kwa namba unazozipenda wewe, ijaribu kwa zile zitakazokuja na mgeni.

Na nyie wengine msiojua kompyuta, neno langu kwenu ni moja. Kumheshimu mkubwa si kumwachia aingie shimoni. Mficha uchi hazai. Mimi nilificha mchana mmoja tu, na ule mchana umekuwa maisha ya mtu.

Jumamosi hii kuna baraza. Naenda. Nitasimama nilipokuwa nimekaa siku ile, na ntemi akiuliza kama kuna mwenye neno, nitasema ni mimi niliyemwambia thelathini. Nimefanya mazoezi ya kulisema chumbani mlango umefungwa. Kila mara sauti inakatika katikati. Labda hawataniamini, watasema kompyuta haikosei. Labda watanitenga mimi. Labda yatanikuta mabaya zaidi, maana Mama Kabula ana kaka zake, na kazi yangu najua imekwisha gazeti hili likifika Igoma.

Mjomba nilimwambia jana. Akasema hawezi kunizuia na hawezi kunisindikiza hadi ndani. Atasubiri pale njiapanda walipomsimamisha. Nikisema, watamwita avuke. Nikishindwa, atanichukua turudi wote Igogo, na amesema hataniuliza kitu.

Naogopa, jamani! Jumamosi ni keshokutwa. Lakini leo asubuhi nilipopita mlangoni kwake nimemkuta ameegesha kipande cha kioo dirishani, ananyoa ndevu ambazo hajazigusa tangu walipomtenga.